Mwongozaji Aliyefunzwa na Saa: Safari ya Sidney Lumet

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mmarekani aliyewasha televisheni ya CBS Jumanne usiku aliweza kutazama Danger, mchezo wa nusu saa wa mauaji, vitisho na hila. Alichokiona sebuleni kilikuwa kikitendeka dakika ileile studioni New York. Kanda ya video ilikuwa bado haijaingia kazini. Ingeanza kutumiwa na vituo vya televisheni mwaka 1956. Mwigizaji akisahau maneno, nchi nzima ilimwona akisahau. Mlango wa mbao na turubai ukigoma kufunguka, muuaji alibaki amesimama nje yake huku kamera zikimkodolea macho. Saa ya ukutani haikumngoja mtu: kipindi kilianza kwa sekunde na kumalizika kwa sekunde, kwa sababu tangazo la biashara lilikuwa likisubiri zamu yake.

Aliyeongoza Danger hapo mwanzo ni Yul Brynner, mwigizaji ambaye wakati huo alikuwa akipata riziki yake nyuma ya kamera za CBS. Mwaka 1950 alimwita rafiki yake awe msaidizi. Rafiki huyo alikuwa kijana wa miaka 26, mfupi, mchangamfu, mwenye kuongea kwa kasi, aliyewahi kuwa fundi wa rada jeshini na aliyepanda jukwaani kwa mara ya kwanza akiwa mtoto mdogo. Jina lake Sidney Lumet. Mwaka uliofuata Brynner alikwenda Broadway kucheza mfalme wa Siam katika The King and I, nafasi iliyompa umaarufu wa dunia, na kiti chake kikabaki kwa msaidizi.

Kutoka kwenye kiti hicho Lumet alifanya kazi kwa zaidi ya nusu karne. Aliongoza mamia ya vipindi vya televisheni na zaidi ya filamu 40. Waigizaji waliopita mikononi mwake walipata tuzo. Yeye mwenyewe aliteuliwa mara nne kuwania Oscar ya mwongozaji bora na mara nne akarudi nyumbani mikono mitupu. Katika fani yake alisifiwa, na pengine kulaumiwa, kwa jambo moja: kasi. Alipiga picha haraka, akamaliza kabla ya muda, akaanza nyingine. Waswahili tunasema haraka haraka haina baraka, na kweli baadhi ya filamu zake hazikuwa na baraka. Lakini zile zilizosalia vichwani mwa watu zinaonyesha kwamba haraka yake ilikuja baada ya kazi ya polepole ambayo mtazamaji haioni.

Lumet alizaliwa Philadelphia tarehe 25 Juni 1924. Baba yake, Baruch Lumet, alikuwa mwigizaji kutoka Poland, na mama yake, Eugenia Wermus, alikuwa mcheza dansi. Familia ilihamia New York ikifuata kazi za tamthilia za Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Siku hizo barabara ya Second Avenue, upande wa mashariki wa Manhattan, ilikuwa na majumba ya maonyesho yaliyojaa wahamiaji waliotaka kucheka na kulia kwa lugha ya nyumbani. Mtoto Sidney alisikika redioni akiwa na miaka minne, na akiwa na mitano akawa jukwaani katika Yiddish Art Theatre. Ujira wa mtoto ulikuwa sehemu ya chakula cha nyumbani, hasa uchumi wa dunia ulipoporomoka baada ya 1929.

Mwaka 1935, akiwa na miaka 11, alifika Broadway katika Dead End, tamthilia ya watoto wa mitaa ya mabanda kando ya mto. Mwaka 1939 alicheza katika filamu ...One Third of a Nation..., nayo ikihusu nyumba mbovu walimopangishwa maskini. Mwaka 1940 mtoto huyu wa Kiyahudi alipewa nafasi ya Yesu akiwa kijana katika Journey to Jerusalem. Kwa hiyo kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa ameshajifunza mambo ambayo waongozaji wengi hujifunza ukubwani: hofu ya mwigizaji kabla ya pazia kufunguliwa, uchovu wa onyesho la pili la siku, na thamani ya mwongozaji ajuaye anachotaka.

Vita Vikuu vya Pili vilimpeleka India na Burma, kazi yake ikiwa kutengeneza rada za jeshi la Marekani. Aliporudi mwaka 1946 alianzisha kikundi cha waigizaji nje ya Broadway, akaanza kuwaongoza wenzake, na akafundisha uigizaji katika shule ya sekondari ya sanaa za maonyesho. Hapo ndipo Brynner alipomkuta.

Televisheni ya siku hizo ilikuwa kazi mpya isiyo na wazee. Studio kubwa za sinema za Hollywood ziliidharau, na waigizaji wenye majina makubwa waliikwepa. Nafasi zikawaangukia vijana wa New York waliotoka jukwaani. Pamoja na Lumet walikuwamo John Frankenheimer, Arthur Penn, Franklin Schaffner na Delbert Mann, wote baadaye wakawa waongozaji wakubwa wa filamu.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Waigizaji walikutana kwenye ukumbi mtupu, sakafu ikiwa imebandikwa utepe kuonyesha kuta, milango na meza zitakapokuwa. Walisoma mswada, wakajadili, wakasimama, wakatembea ndani ya mistari ile mpaka miguu ikazoea. Mwongozaji naye alitembea pamoja nao, akipanga kichwani kamera ipi itakuwa wapi katika neno lipi. Ilipofika siku ya kurusha, walihamia studioni, wakapitia mchezo pamoja na mafundi, kisha taa nyekundu ikawaka. Kuanzia hapo mwongozaji alikaa chumba cha udhibiti mbele ya vioo vidogo, kimoja kwa kila kamera, akitoa amri ya kuhama kutoka picha moja kwenda nyingine. Nyaya za kamera zilipishana sakafuni, na mwigizaji aliyemaliza kufa jikoni alitambaa chini ya lenzi ili akabadili nguo. Hakuna aliyeweza kubuni wakati huo. Kila uamuzi ulikuwa umeshafanywa siku zilizopita.

Kipindi kilichomkomaza zaidi kilikuwa You Are There, kilichoanza kwenye televisheni Februari 1953. Mtangazaji wa habari Walter Cronkite alikaa studioni akaripoti matukio ya kale kana kwamba yanatokea leo: waandishi wenye vipaza sauti wakawahoji watu wa Athens siku Socrates anakunywa sumu, wakasimama karibu na Galileo, wakamfuata Joan wa Arc katika saa zake za mwisho, wakaingia Salem watu wakishitakiwa uchawi. Mada hizo zilikuwa na sababu yake. Marekani ilikuwa katika hofu ya ukomunisti. Seneta Joseph McCarthy alikuwa na nguvu. Waandishi na waigizaji walioshukiwa waliandikwa katika orodha nyeusi na kunyimwa kazi. Hadithi nyingi za You Are There ziliandikwa na watatu kati yao, Walter Bernstein, Abraham Polonsky na Arnold Manoff, kwa kujificha nyuma ya majina ya watu wengine. Mtayarishaji alijua, na Lumet alijua. Wiki baada ya wiki walirusha kesi za watu waliohukumiwa kwa mawazo yao, na mtazamaji mwenye masikio alielewa kesi ipi hasa ilikuwa ikizungumzwa. Mada ya mtu mmoja mbele ya umati unaotaka hukumu ya haraka haikumtoka Lumet tena.

Tarehe 20 Septemba 1954, CBS ilirusha katika kipindi cha Studio One mchezo wa saa moja ulioandikwa na Reginald Rose, Twelve Angry Men. Rose aliwahi kuketi katika baraza la raia wanaoamua kesi ya jinai, akashangazwa na ukali wa mabishano ya watu wasiojuana. Wazee wa baraza waliozoeleka kwa miaka mingi katika mahakama zetu walimshauri jaji tu. Raia hao 12 wa Marekani hutoa hukumu wenyewe, na lazima wawe na kauli moja. Katika mchezo wa Rose, kijana anashitakiwa kumuua baba yake kwa kisu. Akipatikana na hatia atauawa. Wajumbe 11 wananyoosha mkono kwamba ana hatia. Mmoja hanyooshi.

Mchezo huo uliongozwa na Schaffner. Lumet aliingia baadaye, mwigizaji Henry Fonda alipoungana na Rose kuufanya filamu. Fonda hakuwahi kuwa mtayarishaji wa filamu, na Lumet hakuwahi kuongoza hata moja. Bajeti ilikuwa kiasi cha dola 340,000, kidogo sana kwa filamu yenye nyota wa aina ya Fonda. Na mahali palikuwa pamoja tu: chumba chenye meza ndefu, viti 12, madirisha, feni iliyogoma kuzunguka na msala wa kunawia mikono.

Watu wa sinema waliona chumba hicho kama tatizo. Ushauri wa kawaida ungekuwa kutoka nje: kuonyesha mtaa, mauaji, kijana akiwa rumande. Lumet alikataa. Aliona kwamba kufungiwa ndiko kulikokuwa hadithi yenyewe, na badala ya kukificha chumba akaamua kukifanya kizidi kubana. Yeye na mpiga picha mkuu Boris Kaufman walipanga lenzi kwa hatua. Mwanzoni walitumia lenzi zinazoonyesha eneo pana, na watu wakawa na nafasi kati yao. Kadiri mabishano yalivyopamba moto walibadili lenzi kwenda zile ndefu, ambazo huvuta kilicho nyuma kikaonekana kimesogea, hata kuta zikawa kama zinawaegemea wajumbe migongoni. Urefu wa kamera nao ulipangwa. Theluthi ya kwanza ya filamu imepigwa kutoka juu kidogo ya usawa wa macho. Ya pili katika usawa wa macho. Ya tatu kutoka chini, mpaka dari ikaingia kwenye picha na kuwakandamiza watu vichwani. Mara hukumu inapotoka na wajumbe kutawanyika nje ya mahakama, Lumet alitumia lenzi pana kuliko zote. Mtazamaji anavuta pumzi, na wengi hawajui kwa nini.

Kulikuwa na jambo lingine, la fedha. Kila kamera inapogeuzwa upande mwingine wa chumba, taa zote huhamishwa, na kuhamisha taa hula saa nyingi. Lumet aliamua kupiga kwanza picha zote zinazotazama upande mmoja, za mwanzo wa hadithi na za mwisho, ndipo ageuke. Hivyo mjumbe mmoja aliweza kufoka leo, na jibu la mwenzake likapigwa siku kadhaa baadaye. Ili hasira ya leo ilingane na jibu la wiki ijayo, mwongozaji alitakiwa kujua kiwango cha joto la kila sentensi. Aliweza, kwa sababu alikuwa amewafanyisha waigizaji mazoezi ya wiki mbili mfululizo, wakiucheza mchezo mzima kama tamthilia. Upigaji picha ulichukua siku zipatazo 20.

Filamu ilitoka Aprili 1957. Iliwekwa katika jumba kubwa la Capitol kule Broadway, jumba lisilofaa kwa mazungumzo ya wanaume 12 waliovaa mashati yaliyolowa jasho, na mauzo ya tiketi yalikuwa hafifu. Mwaka huohuo ilishinda Dubu wa Dhahabu katika tamasha la Berlin, ikateuliwa kuwania Oscar tatu, na zote tatu zikaenda kwa The Bridge on the River Kwai. Umaarufu wake ulikuja polepole kupitia televisheni, mashuleni na kwenye vyuo vya sheria.

Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo Lumet angeipa televisheni mgongo. Hakufanya hivyo. Filamu zake chache zilizofuata zilipita bila kishindo, na mwaka 1960 alifanya kazi mbili kubwa za televisheni: hadithi ya Sacco na Vanzetti, wahamiaji wa Kiitalia waliouawa kwa kiti cha umeme mwaka 1927 baada ya kesi iliyogawa dunia. Nyingine ilikuwa The Iceman Cometh, tamthilia ndefu ya Eugene O'Neill, akiwa na Jason Robards. O'Neill alimpeleka tena kwenye sinema: mwaka 1962 alitoa Long Day's Journey into Night, familia moja, nyumba moja, siku moja, na waigizaji wake wakuu wanne, Katharine Hepburn, Ralph Richardson, Robards na Dean Stockwell, wakatuzwa kwa pamoja Cannes.

Mwaka 1964 alirudi chumbani tena na Fonda. Katika Fail Safe, Fonda ni rais wa Marekani aliyejifungia na mkalimani na simu, akijaribu kuzuia ndege za mabomu ya nyuklia zilizotumwa Moscow kwa hitilafu ya mitambo. Hakuna muziki wowote. Ilikuwa na bahati mbaya ya kutoka miezi kadhaa baada ya Dr. Strangelove ya Stanley Kubrick, iliyosimulia karibu jambo hilohilo kwa kichekesho, na watu waliokwisha kulicheka hawakuwa tayari kulililia.

The Pawnbroker, iliyotoka Marekani mwaka 1965, ilikuwa ya ujasiri zaidi. Rod Steiger alicheza Sol Nazerman, Myahudi aliyenusurika kambi za mauaji za Wanazi na sasa anapokea rehani za maskini wa Harlem. Amejizuia kukumbuka. Lumet na mhariri Ralph Rosenblum walitaka kumbukumbu impige mtazamaji kama inavyompiga Nazerman, bila hodi. Wakaingiza picha za kambini kwa vipande vya fremu chache, sehemu ndogo ya sekunde, vikarudi tena virefu kidogo, na tena, hadi mlango wote ukafunguka. Leo mbinu hiyo imo hata kwenye matangazo ya sabuni. Wakati ule ilishtua. Muziki alipewa mpiga tarumbeta kijana, Quincy Jones, na ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza katika sinema za Hollywood. Filamu ilikuwa na wanawake walioonyeshwa vifua wazi, jambo lililokatazwa na kanuni za maadili za studio. Baada ya rufaa iliruhusiwa kama kesi ya pekee. Kanuni hizo zilifutwa mwaka 1968.

Kufikia wakati huo mtindo wake wa kazi ulikuwa umetulia, na haukubadilika hadi uzeeni. Kwanza alijiuliza filamu hii inahusu nini hasa, na jibu lake ndilo lililoamua rangi, lenzi, mavazi na sauti. Kisha wiki mbili au zaidi za mazoezi. Ukumbi aliokuwa akiutumia ulikuwa wa jumuiya ya Waukraine, palepale Second Avenue, hatua chache kutoka yalipokuwa majumba ya Kiyidi ya utoto wake. Sakafuni utepe, kama siku za Danger. Ndipo kamera ikaja, na kamera ilipokuja hakutaka kurudia picha mara nyingi. Waigizaji walimpenda kwa hilo: waliujua uwanja, na hawakuchoshwa.

New York ya miaka ya 1970 ilimfaa. Jiji lilikuwa ukingoni mwa kufilisika, chafu, lenye polisi waliokula rushwa na wananchi waliochoka kuvumilia. Serpico ya 1973 ilimhusu askari wa kweli, Frank Serpico, aliyekataa bahasha na kuwafichua wenzake, akapigwa risasi usoni mwaka 1971. Ndevu na nywele za Al Pacino zilitakiwa kukua kadiri askari anavyojitenga na kikosi. Lumet akaipiga filamu kwa kurudi nyuma, mwisho kwanza, akipunguza ndevu siku baada ya siku hadi kufikia kijana aliyenyoa safi. Yeye na mhariri Dede Allen waliihariri huku upigaji picha ukiendelea, nayo ikawahi majumba ya sinema Desemba mwaka huohuo.

Mwaka 1975 ikaja Dog Day Afternoon, kutoka kwenye wizi wa benki uliotokea Brooklyn tarehe 22 Agosti 1972. Wezi wasiojua wizi wanazingirwa na polisi, mtaa unageuka soko, televisheni inafika, na mwizi anashangiliwa kama shujaa. Lumet aliwaruhusu waigizaji wabuni maneno yao wakati wa mazoezi, akayarekodi, na mwandishi Frank Pierson akayaingiza katika mswada; kilichoonekana kama maneno ya papo kwa papo kilikuwa kimeandikwa. Hadithi ni ya siku ya joto kali, lakini walipiga katika baridi ya vuli, hivyo waigizaji walimumunya barafu ili mvuke usionekane ukitoka vinywani. Kwa simu ndefu ambamo Pacino, akicheza mwizi huyo, anazungumza na watu wawili aliowaoa, Lumet aliweka kamera mbili pamoja, moja ianze pale filamu ya nyingine inapokwisha, ili mwigizaji asikatwe. Pacino alipomaliza akiwa hoi, mwongozaji alimwambia waanze tena hapohapo. Uchovu ule ndio aliokuwa akiutafuta.

Mwaka 1976 aligeuka kuitazama nyumba iliyomlea. Network iliandikwa na Paddy Chayefsky, naye pia mtoto wa televisheni ya moja kwa moja. Mtangazaji mzee wa habari, Howard Beale, anaambiwa kazi yake imekwisha kwa kukosa watazamaji, anapandwa na wazimu hewani, watazamaji wanaongezeka, na wakubwa wa kituo wanaugeuza wazimu wake kuwa kipindi. Lumet na mpiga picha Owen Roizman walianza filamu kwa mwanga wa kawaida, usio na pambo, wakazidi kuung'arisha polepole hadi mwisho ukafanana na tangazo la biashara. Kamera yenyewe inaharibika pamoja na wahusika. Ilipata Oscar nne: ya mswada, ya Faye Dunaway, ya Beatrice Straight, anayeonekana kwa takribani dakika tano tu, na ya Peter Finch, aliyefariki Januari 1977 kabla ya kutuzwa. Watu waliiita kejeli. Lumet na Chayefsky waliona wameandika habari za kweli, na miaka iliyofuata imewatetea.

Haraka isiyo na baraka ilikuja 1978. The Wiz, hadithi ya mchawi wa Oz kwa waigizaji weusi, ilikuwa na Diana Ross, kijana Michael Jackson, na Lena Horne, aliyekuwa mama mkwe wa Lumet. Iligharimu kiasi cha dola milioni 24 na haikuzirudisha. Muziki wa nderemo na mandhari ya kubuni havikuwa uwanja wa mtu aliyezoea kuta nne na hoja. Hata hivyo kazini humo Michael Jackson alifahamiana kwa karibu na Quincy Jones, na mwaka 1979 wawili hao wakatoa albamu ya Off the Wall.

Alirudi kwenye haki na rushwa. Prince of the City ya 1981, yenye nafasi za kuzungumza zaidi ya 120, ilikuwa Serpico iliyokomaa: mpelelezi anayeshirikiana na serikali si mtakatifu, na kila ukweli anaousema unamfunga rafiki yake. Lumet aliandika mswada wake pamoja na Jay Presson Allen, wakateuliwa kwa Oscar. Mwaka 1982 Paul Newman akacheza wakili mlevi wa Boston katika The Verdict. Robo karne baada ya wanaume 12 wenye hasira, hoja ilikuwa ileile: mahakama ni chombo cha watu dhaifu, na siku chache tu hutenda kinachopaswa.

Pamoja na hayo yote, wahakiki wengi hawakumweka meza kuu. Katika miaka ya 1960 ilienea nadharia kwamba mwongozaji wa kweli ni yule unayemtambua kwa alama yake katika kila picha. Andrew Sarris, katika kitabu chake cha 1968, alimtupa Lumet kwenye fungu la wenye uzito wa kujilazimisha. Hoja yao haikukosa msingi: weka Network kando ya Murder on the Orient Express ya 1974 na hutadhani zimetoka mkono mmoja. Jibu la Lumet, alilolieleza katika kitabu chake Making Movies cha 1995, ni kwamba mtindo mzuri ni ule usioonekana, kwa kuwa umezaliwa na hadithi husika. Kitabu hicho hakina porojo za nyota. Ni maelezo ya fundi juu ya lenzi, mazoezi, uhariri na bajeti, na hadi leo wanafunzi wa filamu hukisoma.

Mwaka 2001, akiwa na miaka 76, alirudi kwenye televisheni na mfululizo wa 100 Centre Street, uliopewa jina la anwani ya mahakama ya jinai ya Manhattan. Aliupiga kwa kamera kadhaa za dijitali kwa wakati mmoja, karibu kama alivyofanya ujanani, na teknolojia hiyo ikamvutia kuliko ilivyowavutia wengi wenye nusu ya umri wake. Februari 2005 Chuo cha Oscar kilimpa tuzo ya heshima, akikabidhiwa na Al Pacino. Wengi hupewa tuzo hiyo wakiwa wamemaliza. Yeye mwaka 2007, akiwa na miaka 83, alitoa Before the Devil Knows You're Dead, hadithi ya ndugu wawili wanaopanga kuiba duka la vito la wazazi wao, iliyopigwa kwa dijitali na yenye ukali wa filamu ya kijana. Ilikuwa ya mwisho. Alifariki nyumbani kwake Manhattan tarehe 9 Aprili 2011, kwa saratani ya tezi za limfu, akiwa na miaka 86.

Wapo waongozaji waliompita kwa uzuri wa picha, na wapo waliompita kwa fedha. Wachache wamempita kwa kuthibitisha kwamba umaskini wa vifaa si kikwazo cha fikra. Alichohitaji kilikuwa mswada unaojua unachosema, waigizaji waliofanya mazoezi, na mwongozaji aliyekwisha kuamua kabla taa hazijawashwa. Msomaji asiyemfahamu na aanze na 12 Angry Men. Aitazame mara ya kwanza kwa ajili ya kesi, kisha airudie akiwaacha wajumbe wabishane na macho yake akiyaelekeza kwenye kuta na dari. Hapo ataiona kazi ya mwongozaji.